Gata mdogo anayumba au anatapika? Mchunguze samaki unayemlisha

Nyoka gata kwao ni Amerika Kaskazini. Ni mwembamba, ana mistari mgongoni, na hupenda kukaa karibu na maji akila nyungunyungu, vyura na samaki wadogo. Hatagi, huzaa watoto walio hai, kila mmoja wa sentimita 15 hadi 23 hivi, na tangu kuzaliwa kila mtoto hujitafutia mwenyewe. Hapa Mombasa wachache wanaofugwa wanaishi kwa samaki. Panya wachanga wa kulishia nyoka ni shida kupata, ilhali samaki yupo kila mahali, kuanzia Kongowea na Mji wa Kale hadi kwa mama anayekaanga jioni pale kona.

Kwa hiyo shida nyingi za gata wachanga mjini hapa hutokana na samaki, lakini wenye nyoka huzitafuta kwingine. Watabadilisha taa, wataosha tangi mara tatu, watanunua kipimajoto kipya. Samaki hawamshuku, maana ni yule yule waliyemla wao mchana na wali wa nazi. Mchuuzi naye atakuonyesha macho maangavu na matamvua mekundu, na atakuwa mkweli. Hata hivyo, uliza kwanza ni samaki gani. Kama ni wa leo au wa jana, hilo litafuata.

Neno moja kabla ya kuendelea. Ninamwandikia mwenye kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Asiye nacho aanzie huko, kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mzaha na mfugo wa siri.

Anachupa na kukosa, anayumba, anabaki chali

Hii ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote. Gata mwenye afya akiona kipande kinasogea hukidaka mara moja. Huyu anachupa pembeni, anarudia, anauma hewa. Baadaye kichwa kinaanza kutetemeka au kuinama upande mmoja, mwili unajisokota bila mpango, na akiachwa hivyo hufikia degedege. Kuna namna nyepesi ya kumpima: mlaze chali kiganjani, polepole. Mzima hujipindua papo hapo. Anayebaki tumbo juu, au anayejipindua nusu kisha akatulia, ana hitilafu kwenye neva.

Mimi huanza kwa kushuku upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Samaki wa aina fulani wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, ambacho kazi yake ni kuivunja thiamini. Hakiishii kwa ile ya samaki mwenyewe. Kikifika tumboni huvunja hata iliyomo kwenye chakula kingine kilicholiwa pamoja naye. Ndiyo sababu kumchanganya samaki mbaya na mzuri katika mlo mmoja hakusaidii sana. Na friza haikiui. Samaki akigandishwa mwezi mzima, kimeng'enya kinamngoja ayeyuke tu.

Jambo hili lilijulikana zamani, na hata si kwa nyoka. Miaka ya 1930 huko Minnesota, Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya katika shamba la mtu aitwaye Chastek walipooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi. Ugonjwa ukapewa jina lake, na ilipochunguzwa zaidi ikaonekana kwamba samaki yule yule akipikwa hana madhara hayo. Joto ndilo linalokiharibu kimeng'enya.

Sasa tuwataje watuhumiwa mmoja mmoja, kwa jinsi wanavyopatikana hapa.

Samaki wa dhahabu wa madukani, wale wa mifuko ya plastiki, ndiye mbaya kuliko wote. Ni wadogo, wanacheza majini, na mtoto wa gata huwafuata kwa furaha. Mwenye nyoka naye anafurahi kuona kinachotokea. Huwezi kuona kasoro yoyote kwa majuma kadhaa, kwa sababu akiba ya B1 mwilini huisha kidogo kidogo. Kisha siku moja nyoka anaanza kukosa shabaha, na mwenyewe anaapa kwamba hajabadilisha chakula. Kweli hajabadilisha. Kapu, yule samaki mnene wa magamba makubwa anayevuliwa Ziwa Naivasha, ni wa ukoo huo huo na ana kasoro hiyo hiyo. Omena wa Ziwa Viktoria naye yuko katika kabila hilo la samaki, ndiyo maana simruhusu awe chakula cha kila siku. Wengine hujitetea kwamba omena wanaofika Pwani ni wakavu. Kukausha juani si kupika, na mkavu huja na mchanga na pengine chumvi.

Dagaa wa bahari ndiye anayewachanganya watu zaidi. Ukienda sokoni mazungumzo huwa hivi:

"Mama, hawa ni dagaa gani?"

"Wa leo hawa, mwanangu. Watazame macho."

"Naona ni wazuri. Nauliza ni wa aina gani."

"Dagaa ni dagaa. Wataka wa kukaanga ama wa mchuzi?"

Mama wa watu hana kosa, maana kwa sufuria jibu lake linatosha. Lakini mwinamie sinia uwachambue kwa kidole. Utakuta mwenye pua iliyochomoza mbele na mdomo uliopasuka hadi nyuma ya jicho. Huyo ni wa jamii ya anchovi. Jirani yake mdomo ni mdogo, na ukimpapasa tumboni kutoka mkiani kuelekea kichwani unahisi vijino vya msumeno. Huyo ni wa jamii ya sadini na heringi. Jamii zote mbili zina samaki waliothibitishwa kuwa na thiaminesi. Huwezi kukaa sokoni ukichambua dagaa mmoja mmoja kwa ajili ya nyoka, tena akina mama hawatakuvumilia. Waache wote.

Vibua pia nawaacha. Baadhi ya ndugu zao wa Bahari ya Pasifiki wamekutwa na kimeng'enya hicho, na mafuta yao huharibika upesi hata kwenye barafu. Kome nao wamo kwenye orodha, ikiwa kuna aliyefikiria kumkatia nyoka nyama ya kome.

Bunju simtaji kwa sababu ya B1. Ana sumu ya tetrodotoksini, inayoua binadamu. Kuna jambo la ajabu hapa: gata wa baadhi ya maeneo ya magharibi mwa Marekani hula salamanda wenye sumu hiyo hiyo wasidhurike, kwa kuwa miili yao imejenga ukinzani kwa vizazi vingi. Ukinzani huo si wa kila gata, na wa kwako huenda asili yake ni kwingine kabisa. Usijaribu.

Aliye salama ni tilapia, ambaye wengine humwita ngege. Huyu ndiye samaki wa kila siku. Pwani si mgeni: shamba la Bamburi lililogeuza machimbo ya saruji kuwa msitu, ambalo leo ni Haller Park, lilianza kufuga tilapia kwenye mabwawa yake tangu miaka ya 1970. Wafugaji wa mabwawa watakuuzia vifaranga vya samaki, na kifaranga kimoja cha urefu wa kidole ni mlo kamili: nyama, mifupa, ini na matumbo yake. Katika samaki wa mapambo, gapi, plati na moli ni wazuri. Wote huzaa watoto hai na huongezeka haraka, hivyo ndoo moja yenye majani ya maji nyuma ya nyumba yaweza kukutunzia nyoka. Usiwachote kwenye mitaro ya mtaani. Humo mna maji taka na dawa za kuulia viluwiluwi vya mbu.

Kuna msimu wa kuwa macho zaidi. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ngalawa na mashua ndogo hazitoki sana, samaki wanaadimika na bei inapanda. Ndipo muuzaji anapokukatia "samaki mweupe" ambaye yeye mwenyewe hamjui vizuri, au anakuchanganyia. Samaki asiye na kichwa wala ngozi usimnunulie nyoka. Hujui ni nani.

Si kila anayeyumba amekosa B1, lakini. Uliza kama kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumbani. Dawa hizo hushambulia neva na nyoka mdogo huzidiwa haraka, na mji huu tunapuliza karibu kila jioni. Uliza pia tangi liko wapi. Gata wa kaskazini hupenda pembe moja ya nyuzi 29 hadi 32 na nyingine iliyo baridi kuliko hiyo, karibu na 24. Mwezi wa Februari, chumba chenye dirisha la magharibi hupita hapo bila taa yoyote, na kioo kinachopigwa na jua huua kabla hujarudi kutoka dukani. Tofauti ni hii: joto na dawa huangusha kwa saa chache, ilhali upungufu wa B1 huja polepole na kukosa shabaha hutangulia.

Ukiona dalili hizi, komesha samaki wa zamani leo hii, wala usiseme utammaliza kwanza yule aliyebaki kwenye friza. Mpe tilapia au nyungunyungu kama bado anaweza kumeza, na umpeleke kwa daktari wa mifugo achomwe sindano ya B1. Akiwahiwa, nyoka wengi hurudi sawa. Akicheleweshwa, kichwa kinaweza kubaki kimeinama maisha yote.

Na kama usiku huu huna samaki mwingine ila dagaa? Watie kwenye maji ya moto sana, yanayokaribia kuchemka, wakae humo dakika tano kamili. Thiaminesi huharibika kwenye nyuzi 80 na zaidi. Wapoze ndipo umpe. Lakini moto hupunguza pia thiamini ya samaki mwenyewe, kwa hiyo hiyo ni njia ya dharura, isiwe desturi.

Anatapika alichokula

Angalia kilichotapikwa kabla ya kukitupa. Kikiwa kizima na hakijaguswa na tindikali, kilikuwa kikubwa mno au alishikwashikwa mara baada ya kula. Kipande kisizidi unene wa mwili wa nyoka pale alipo mnene. Watoto wa shule wakirudi nyumbani hutaka kumshika. Waambie wangoje siku mbili.

Kikiwa kimelegea na kinanuka kuliko kawaida, fikiria stima. Umeme ukipotea usiku mzima friza huyeyuka, asubuhi ikirudi samaki huganda tena, nawe hujui lolote. Kijiwe cha barafu ndani ya kikombe kitakuambia: kigandishe maji kikombeni, weka sarafu juu ya barafu, uache humo frizani. Ukikuta sarafu imezama, kila kilichomo kiliyeyuka. Tupa.

Kikiwa na damu, tafuta mwiba. Tilapia ana miiba migumu kwenye pezi la mgongo, na kambare ana mwiba wa kutisha kila upande nyuma ya kichwa. Kwa tilapia aliyezidi urefu wa kidole, kata pezi lote la mgongo na la tumboni kwa mkasi. Kambare mimi simtumii kabisa.

Baada ya kutapika mpe maji tu kwa siku kadhaa, kisha anza na nusu ya kipande cha kawaida. Mlo wa haraka ili "arudishe nguvu" ndio unaomfanya atapike tena, na kutapika kukirudiwa huua nyoka mchanga kuliko njaa.

Taya laini, mgongo umepinda

Huyu amelelewa kwa minofu. Mwenyewe aliogopa mifupa, akawa anatoa mnofu mweupe wa tilapia, safi, usio na hata kijiti, akiamini anamfanyia hisani. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, hivyo mwili wa nyoka huichota kalsiamu kutoka mifupani mwake. Ukimgusa taya la chini linabonyea. Mkia una vifundo. Wakati mwingine hutetemeka, na hapo watu humchanganya na mgonjwa wa B1.

Dawa ni samaki mzima, na mifupa yake. Vifupa laini vya samaki mdogo havimdhuru nyoka, huviyeyusha tumboni. Ukilazimika kutumia vipande vya samaki mkubwa, chovya katika unga wa kalsiamu. Pwani unga huo tunao bure: ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufuoni, ambao wafugaji wa ndege huuning'iniza kwenye vizimba. Uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji hadi chumvi iishe, uanike, ukwangue kwa kisu. Bana kidogo tu kwa kila mlo. Mgongo uliokwisha kupinda haunyooki tena, ila ugonjwa utasimama.

Uvimbe chini ya ngozi, au minyoo kwenye kinyesi

Samaki wabichi hubeba minyoo, na baadhi ya minyoo hiyo hutoboa ukuta wa tumbo la nyoka na kujificha chini ya ngozi. Utaona kifundo kinachoteleza ukikisukuma kwa kidole. Kazi hiyo ni ya daktari, usikikamue.

Kinga yake ni baridi. Samaki akae kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba angalau. Kile kijisanduku cha barafu juu ya friji ndogo kwa kawaida hakifikii hapo, kwa hiyo tumia friza ya kweli. Mimi huwaacha humo mwezi mzima, kwa sababu hainigharimu chochote. Kumbuka tu kwamba friza inatatua shida ya minyoo, na ya thiaminesi iko pale pale. Watu huzichanganya hizi mbili kila mara: husikia "mgandishe kwanza" wakadhani samaki wa dhahabu aliyegandishwa amekuwa mwema.

Kumyeyusha, mtie kwenye mfuko, mfuko kwenye maji baridi. Asiachwe juu ya meza. Kwa joto la hapa saa moja inatosha kumharibu.

Kinyesi cha maji na harufu kali

Mara nyingi si ugonjwa. Gata anayekula samaki peke yake hunuka, na tangi lake hulowa upesi. Akiwa mchangamfu na anaongezeka uzito, badilisha vitambaa vya chini mara kwa mara na umpe nyungunyungu badala ya samaki mara moja au mbili kwa juma. Unyevu ukiachwa utamtoa malengelenge tumboni, na unyevu wa Mombasa hauhitaji msaada.

Nyungunyungu wachimbwe shambani pasiponyunyiziwa dawa. Wale wembamba wekundu wa kwenye mboji, ambao ukiwabana hutoa maji ya manjano yenye harufu, usimpe. Hutapikwa, na wanaweza kumdhuru.

Anataka samaki wa aina moja tu

Usimshindanishe kwa njaa, hasa akiwa bado mdogo wa kulishwa kila siku mbili tatu. Msugue nyungunyungu kwa maji ya yule samaki anayempenda, umwekee kwenye sahani ya bapa. Gata huamua kwa ulimi na harufu kuliko macho. Akishazoea nyungunyungu wenye harufu, punguza harufu kidogo kidogo. Njia hiyo hiyo itakufaa ukibahatika kupata panya wachanga, ambao akishawakubali utaacha kuhangaika na mambo ya B1.

Kabla ya kwenda kwa daktari

Madaktari wengi wa mifugo mjini wamezoea mbuzi, ng'ombe, mbwa na paka. Usiwalaumu, warahisishie. Mpige nyoka video akichupa na akikosa, kwa sababu akifika kliniki huenda akajikunja tu. Andika kila aina ya samaki aliyekula kwa miezi miwili iliyopita, kwa jina la sokoni, na ubebe samaki mmoja kutoka frizani kama jina lake hulijui. Mpime uzito kwa mizani ya jikoni ya gramu, maana kipimo cha sindano hutokana na uzito, na kwa nyoka wa gramu chache tofauti ya tone moja ni kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo, vile vidonge vya vitamini B vya binadamu vilivyoko kabatini usimpe kwa kukadiria.